Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga rutini za hitilafu na msimbo wa pamoja katika RPG

Ukurasa huu ni wa wanaoandika RPG, lugha ya programu, kwenye IBM i, mfumo wa uendeshaji wa seva za IBM, na ambao wamechoka kuona rutini ileile ya hitilafu ikihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, kila nakala ikibadilishwa kidogo, mpaka hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Mifano imeandikwa kwa RPG huru, ile inayoanza na **FREE. Mwenye programu za RPG III atakuta jibu lake karibu na mwisho.

Kipi kikae kwenye memba ya /COPY, na kipi kiwe programu ya huduma?

Memba ya /COPY ibebe maelezo tu: prototaipu, miundo ya data, konstanti. Mantiki, yaani msimbo unaofanya kazi yenyewe, ukae kwenye prosija ndani ya programu ya huduma (*SRVPGM). Ukilishika hili moja, nusu ya maswali yanayofuata yatajijibu.

Kazi ya /COPY ni kubandika maandishi wakati wa kukompaili, basi. Ukibandika subrutini ya mistari 80 kwenye programu 300, sasa unamiliki nakala 300 za subrutini hiyo. Dosari ikionekana, lazima zote zikompailiwe upya, na ile moja iliyosahaulika ndiyo itakayokuamsha usiku. Kuna tatizo la pili ambalo huumiza kimyakimya: subrutini iliyobandikwa haina vigeu vyake. Inatumia vya programu iliyoipokea. Ikitaja WKMSG, kila programu lazima iwe na WKMSG ya aina na urefu uleule, na memba nyingine ikitokea kutumia jina hilo kwa shughuli tofauti, mbili hizo zinaharibiana data bila kompaila kunung'unika.

Prosija ina vigeu vyake vya ndani na hupokea inachohitaji kupitia parameta. Na programu ya huduma ikisahihishwa, programu zinazoitegemea hupata sahihisho hilo zinapoanza upya, bila kukompailiwa, alimradi saini yake haikuguswa. Suala la saini lina swali lake hapa chini.

/COPY na /INCLUDE zinatofautiana nini?

Kwa kompaila ya RPG yenyewe, hakuna tofauti. Tofauti inajitokeza pale programu ina SQL ndani yake, kwa sababu CRTSQLRPGI hupitisha chanzo kwenye kichakato cha awali cha SQL kabla ya kompaila. Parameta ya RPGPPOPT ikiachwa kwenye *NONE, kichakato hicho husoma /COPY lakini hukiruka /INCLUDE. Kwa hiyo kigeu kilichoelezwa ndani ya /INCLUDE hakionekani na SQL, nawe unapata SQL0312 ukiambiwa kigeu hakijaelezwa, ilhali unakiona kwa macho yako.

RPGPPOPT(*LVL1) hupanua /COPY pamoja na zilizo ndani ya /COPY nyingine, na huheshimu maelekezo ya masharti kama /IF. *LVL2 hufanya hayo yote na kupanua /INCLUDE pia. Ushauri wangu: tumieni *LVL2 kwa kila programu yenye SQL na mlifanye kuwa jambo la kawaida katika timu, msimwachie kila mtu achague yake.

Memba moja ikiingizwa mara mbili, kompaila inalalamika kwamba jina limeelezwa tayari. Nifanyeje?

Ikinge memba yenyewe. Weka mistari hii mwanzoni mwake:

/if defined(HITILAFU_H)
/eof
/endif
/define HITILAFU_H

Mara ya kwanza jina HITILAFU_H halijulikani, kwa hiyo memba husomwa yote. Mara ya pili /EOF huikatisha pale pale. Kila memba ya pamoja iwe na kinga hii tangu siku inapozaliwa, kwa sababu memba huanza kuitana zenyewe kwa zenyewe kabla hujatarajia.

Programu yangu ina **FREE lakini memba niliyoiingiza inatoa makosa kila mstari.

**FREE hairithiwi. Kila memba ya /COPY husomwa kwanza kama chanzo cha mtindo wa safu (kolamu), hata kama programu iliyoiita ni huru kabisa. Weka **FREE kwenye mstari wa kwanza wa memba, kuanzia safu ya 1. Memba zisizo nayo zinaweza kuendelea kuishi kwa mtindo wao wa zamani ndani ya programu mpya, na hiyo ni neema kubwa wakati wa kuhama taratibu.

PSDS ni nini, na kwa nini rutini yangu ya pamoja inarekodi jina lisilo sahihi?

PSDS (Program Status Data Structure) ni muundo wa data ambao mfumo huujaza wenyewe kwa habari za programu: kodi ya hali, mstari uliokwama, ujumbe wa hitilafu, jina la kazi (job), mtumiaji. Kosa la jina linatokana na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kila moduli ina PSDS yake. Ukiielezea PSDS ndani ya programu ya huduma na kuisoma humo, unasoma habari za moduli ya programu ya huduma, si za programu iliyokwama. Jina la kazi litakuwa sahihi kwa kuwa kazi ni ileile, lakini jina la programu, mstari na ujumbe vyote vitakuwa vya mahali pengine.

Dawa yake ni kwamba aliyekwama apeleke PSDS yake mwenyewe kama parameta. Hapa ndipo memba ya /COPY inapofanya kazi yake halali, kwa sababu PSDS ni maelezo, si mantiki, na lazima iwe ndani ya kila moduli:

dcl-ds hali psds qualified;
  programu  char(10)   pos(1);
  kodi      zoned(5:0) pos(11);
  mstari    char(8)    pos(21);
  ujumbe    char(7)    pos(40);
  maelezo   char(80)   pos(91);
  kazi      char(10)   pos(244);
  mmiliki   char(10)   pos(254);
  kaziNamba zoned(6:0) pos(264);
  mtumiaji  char(10)   pos(358);
end-ds;

dcl-pr Hitilafu_rekodi extproc(*dclcase);
  taarifa   likeds(hali) const;
  mahali    varchar(60)  const;
  nyongeza  varchar(200) const options(*nopass);
end-pr;

Angalia nafasi ya 254 na ya 358. Ya kwanza ni mtumiaji aliyeandikwa kwenye jina la kazi, ya pili ni wasifu unaotumika kwa wakati huo. Kwenye skrini ya kijani huwa ni mtu mmoja. Lakini ombi likija kupitia kazi ya seva kama QZDASOINIT, jina la kazi husema QUSER, na aliyebonyeza kitufe yumo kwenye nafasi ya 358. Rekodi vyote viwili. Logi iliyojaa QUSER haimsaidii mtu yeyote.

Nafasi ya 40 hadi 46 hubeba kitambulisho cha ujumbe, mfano MCH1202 kwa data mbovu ya desimali. Rasmi ni sehemu mbili, herufi tatu na tarakimu nne, lakini kuzisoma kama kigeu kimoja cha herufi saba kunarahisisha utafutaji baadaye.

Je, *PSSR bado ina kazi?

*PSSR, subrutini ambayo RPG huiita yenyewe hitilafu ikitokea, ina kazi kwenye programu za zamani zinazoendeshwa na mzunguko wa RPG (cycle), na hakuna haja ya kuiondoa mahali inapofanya kazi vizuri. Kwa msimbo mpya usiichague.

Kwanza, *PSSR ya sehemu kuu haizilindi prosija zilizo ndani ya moduli hiyo. Kila prosija ingehitaji ya kwake, na hapo tunarudi kwenye nakala nyingi. Pili, *PSSR ndani ya prosija ikifika ENDSR, prosija haiwezi kuendelea pale ilipokatika, inakufa. Tatu, hitilafu ikitokea ndani ya *PSSR yenyewe, mfumo huiita *PSSR tena, nayo hukwama tena, na kazi inazunguka hivyo bila kikomo. Kama unatunza *PSSR ya zamani, hakikisha mstari wake wa kwanza unaangalia indiketa inayosema "nimeshaingia humu", na ikiwa imewaka, programu iondoke.

MONITOR niiweke wapi? Nizungushie programu nzima?

MONITOR ilikuja na V5R1 mwaka 2001 na ndiyo njia ya kawaida ya kudaka hitilafu leo. Kuizungushia programu nzima kunashawishi, lakini unapodakia nje kabisa unajua tu kwamba kitu fulani, mahali fulani, kimeharibika. Iweke mahali pawili: pale unapotarajia hitilafu maalumu na unajua la kufanya, na kwenye mlango wa nje kabisa wa programu ili hitilafu isiyotarajiwa irekodiwe kabla haijatoka.

Mfano wa aina ya kwanza. Bei imekuja kama maandishi kutoka faili la nje, na inaweza kuwa takataka:

monitor;
  bei = %dec(maandishi : 9 : 2);
  beiIpo = *on;
on-error 00105;
  beiIpo = *off;
on-error;
  Hitilafu_rekodi(hali : 'kusoma bei' : maandishi);
  snd-msg *escape %msg('CPF9898' : 'QCPFMSG' :
          'Bei haikusomeka, tazama logi');
endmon;

Kodi 00105 ina maana kwamba maandishi yana herufi ambazo si namba. Hilo tunalijua na tuna jibu lake: bei haipo, mstari huo utawekwa kando. Kila kitu kingine hatukijui, kwa hiyo tunakirekodi na kukirusha juu. Ujumbe wa CPF9898 hujiongezea nukta mwishoni, usiweke yako.

ON-ERROR husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotumika. ON-ERROR isiyo na kodi hudaka zote, kwa hiyo ikitangulia, zilizo chini yake hazitafikiwa kamwe. Kodi za 00100 hadi 00999 ni za programu, za 01000 hadi 01999 ni za faili, na unaweza kuandika *PROGRAM au *FILE badala ya kuzitaja moja moja.

Kwenye toleo la 7.5 kuna pia ON-EXCP, inayodaka kwa kitambulisho cha ujumbe, kwa mfano ON-EXCP 'MCH1210'. Ni nzuri sana pale kodi ya hali moja inapofunika ujumbe kadhaa tofauti.

Kwa nini nisiache ON-ERROR tupu? Programu inaendelea, watumiaji hawalalamiki.

Hawalalamiki leo. ON-ERROR tupu ni kuimezea hitilafu, na data iliyoharibika kwa njia hiyo hugunduliwa wiki nyingi baadaye, wakati hakuna tena logi ya kazi ya kusoma. Ikiwa kweli hitilafu fulani haina madhara, itaje kwa kodi yake na uandike maoni ya mstari mmoja yanayoeleza kwa nini haina madhara. Atakayekuja kuisoma atajua ulikusudia.

Kiendelezi cha (E) kina hatari hiyohiyo. CHAIN(E), yaani kusoma rekodi kwa ufunguo, bila kuangalia %ERROR kwenye mstari unaofuata ni ON-ERROR tupu iliyovaa nguo nyingine. Na uangalie papo hapo, kwa kuwa operesheni inayofuata yenye (E) huibadilisha %ERROR.

Prosija ya chini imekwama, lakini programu ya juu inaona kodi 00202 tu. Habari za kweli zimeenda wapi?

Zimebaki chini. Prosija isipodaka hitilafu yake, hufa, na aliyeiita huona tu kwamba "prosija niliyoiita imeshindwa", ambayo ndiyo kodi 00202. Ujumbe wa asili upo kwenye logi ya kazi, ila PSDS ya juu haina tena sababu halisi.

Kutokana na hili ninashauri kanuni moja kwa timu nzima: hitilafu irekodiwe mahali ilipozaliwa, mara moja tu, kisha irushwe juu ikiwa na maneno yanayoeleweka. Ngazi za juu zikiona kwamba imesharekodiwa, zisirekodi tena. Bila kanuni hiyo, tatizo moja huacha safu tano kwenye logi, nne kati yake zikisema 00202, na mtu wa zamu anapoteza nusu saa akisoma mwangwi.

Prosija irudishe kodi ya kosa, au irushe ujumbe wa *ESCAPE?

Jiulize kama jambo lenyewe ni jibu au ni ajali. "Mteja hayupo" ni jibu la kawaida la swali la kutafuta mteja, rudisha indiketa. "Faili la wateja halikufunguka" ni ajali, rusha. Tatizo la kodi za kurudishwa ni kwamba aliyeita anaweza kuzipuuza na programu ikaendelea kana kwamba mambo ni sawa. Ujumbe wa *ESCAPE, unaomkatisha aliyeita asipoudaka, haupuuziki.

Kabla ya SND-MSG tulikuwa tukitumia API ya QMHSNDPM, na bado ndiyo njia kwa matoleo ya nyuma. Ina parameta nyingi, kwa hiyo ifungie ndani ya prosija moja ya pamoja na usiiite moja kwa moja popote pengine. Uwe mwangalifu na jambo moja: ukiwa na prosija ya pamoja, tuiite Hitilafu_rusha, inayorusha ujumbe kwa aliyeiita, basi ujumbe unafika kwa prosija iliyokwama yenyewe, si kwa aliye juu yake. Prosija hiyo nayo inakufa, na juu inafika 00202 ileile tuliyokuwa tukiikimbia. Lazima uruke ngazi moja zaidi: kwenye SND-MSG ni %TARGET(*CALLER : 1), na kwenye QMHSNDPM ni kihesabu cha ngazi za mwito.

SQL je? Nimezungushia MONITOR lakini hitilafu za SQL hazidakwi.

Hazitadakwa. Sentensi ya SQL ikishindwa haitupi hitilafu ya RPG. Inajaza SQLCODE na SQLSTATE na kuendelea na mstari unaofuata. Ni wajibu wako kuangalia. 00000 ni salama, daraja la 01 ni onyo, 02000 ni kwamba hakuna safu iliyopatikana, na vingine ni kosa.

Andika prosija moja ya pamoja, Sql_kagua, inayopokea SQLSTATE na jina la mahali. Ikiwa ni kosa, ichukue maelezo kwa GET DIAGNOSTICS, irekodi, na irushe *ESCAPE. Kuanzia hapo hitilafu za SQL na za RPG zinapita njia moja, na MONITOR yako ya nje inazidaka zote. Chukua maelezo hayo kabla ya kuendesha sentensi nyingine yoyote ya SQL, ukiwemo ule uandishi wa logi yenyewe, kwa sababu hiyo nayo itafuta uchunguzi wa iliyotangulia.

Logi niiandike wapi?

Kwenye jedwali la kawaida la Db2, lenye muhuri wa saa, kazi, programu, mstari, ujumbe, mahali na nyongeza. Jedwali linaulizika kwa SQL. Faili la kuchapwa haliulizwi na mtu.

Hapa kuna mtego unaostahili kukaziwa. Programu ikitumia udhibiti wa miamala, hitilafu ikitokea utafanya ROLLBACK, na ROLLBACK itafuta pia safu ya logi uliyoandika sekunde moja kabla. Yaani ushahidi unafutwa kwa usahihi kabisa kila unapohitajika. Andika logi nje ya muamala:

exec sql insert into logi_hitilafu
  (saa, programu, mstari, ujumbe, mahali)
  values(current_timestamp, :programu, :mstari,
         :ujumbe, :mahali)
  with nc;

Maneno WITH NC yanaiweka sentensi hiyo pekee nje ya udhibiti wa miamala. Ukiandika kwa WRITE ya RPG, faili la logi lisiwe na neno COMMIT kwenye tamko lake.

Rutini ya hitilafu ikipata hitilafu yenyewe?

Isimwangushe aliyeiita. Mwili wote wa Hitilafu_rekodi uwe ndani ya MONITOR yake, na SQLSTATE ya uandishi wa logi iangaliwe. Ikishindwa kuandika kwenye jedwali, itume ujumbe wa *INFO kwenye logi ya kazi ukiwa na maneno yaleyale, kisha irudi kimya. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali kurudi kimya, kwa kuwa mbadala wake ni kuificha hitilafu ya kwanza nyuma ya ya pili. Na kwa sababu hiyohiyo prosija hii isitegemee programu nyingine ya huduma ya nyumbani kwenu. Iwe chini kabisa ya jengo.

ON-EXIT inasaidiaje?

Sehemu ya ON-EXIT huendeshwa prosija inapomalizika kwa namna yoyote: kawaida, kwa hitilafu, hata kazi ikikatishwa. Ni mahali pa kufunga mshale (cursor) wa SQL, kuachia kufuli na kufuta faili la muda. Haidaki hitilafu, inasafisha tu. Hitilafu inaendelea na safari yake. Inapatikana ndani ya prosija, ikiwemo ile kuu iliyotajwa kwa neno MAIN, lakini si kwenye programu ya mzunguko.

Nimeongeza prosija mpya kwenye programu ya huduma na sasa programu zote zinaanguka na MCH4431.

Saini imebadilika. Programu ya huduma ina saini inayotokana na orodha ya vinavyotolewa, na programu iliyofungwa nayo hukumbuka saini ya siku ilipofungwa. Ukiunda kwa EXPORT(*ALL), kila prosija mpya huzaa saini mpya. Acha hiyo, tumia chanzo cha kufungia kwenye QSRVSRC:

strpgmexp pgmlvl(*current) signature('HITILAFU')
  export symbol('Hitilafu_rekodi')
  export symbol('Hitilafu_rusha')
  export symbol('Sql_kagua')
endpgmexp

Saini sasa ni neno ulilolichagua na haitabadilika. Lakini uhuru huu una masharti makali. Programu huita prosija kwa namba ya nafasi yake kwenye orodha, si kwa jina. Ukiingiza prosija mpya katikati, au ukipanga orodha kwa alfabeti ili ipendeze, programu iliyokuwa ikiita ya pili itaita nyingine bila onyo lolote. Za mpya daima ziende mwishoni, na ya zamani isiondolewe hata kama hakuna anayeitumia. Andika onyo hilo kwenye maoni juu ya orodha.

Parameta mpya nazo ziende mwishoni zikiwa na OPTIONS(*NOPASS), na prosija iangalie %PARMS kabla ya kuigusa. Ndiyo sababu nyongeza kwenye prototaipu ya juu iko mwisho.

Prototaipu niiweke pia kwenye moduli yenye prosija yenyewe?

Ndiyo, kwa memba ileile ya /COPY. Hapo kompaila inalinganisha prototaipu na prosija na kukataa zikitofautiana. Usipofanya hivyo, tofauti itaonekana kwenye data.

Kundi la uamilisho (activation group) liwe lipi?

Kwa programu ya huduma ya hitilafu, ACTGRP(*CALLER), ili iishi pamoja na aliyeiita. Programu zinazoitumia zisiwe na DFTACTGRP(*YES), kwa kuwa hiyo hairuhusu kufungwa na programu za huduma. Weka programu ya huduma kwenye saraka ya kufungia kwa ADDBNDDIRE, na utaje saraka hiyo kwenye CTL-OPT BNDDIR ndani ya memba ya pamoja, ili asiyejua mpangilio huo asilazimike kuujua.

Tuna programu nyingi za RPG III. Zinaweza kuita prosija hizi?

Si moja kwa moja. RPG III ni ya mtindo wa zamani wa OPM, na programu za mtindo huo hazifungwi na programu za huduma. Andika programu ndogo ya RPG IV, ya kawaida, inayopokea habari kwa CALL na kuzipeleka kwa Hitilafu_rekodi. Hiyo inatosha kuziunganisha na logi ya pamoja. CVTRPGSRC itazigeuza kuwa RPG IV zikifika zamu yake, lakini usizigeuze zote kwa wikendi moja kwa ajili ya logi tu.

Kazi za usiku husimama kwenye MSGW (kusubiri jibu la ujumbe) mpaka asubuhi. Rutini hizi zitaondoa hilo?

Kwa sehemu kubwa. Programu ya mzunguko ambayo hitilafu yake haikudakwa huuliza swali la aina ya RNQ na kusubiri C, D au jibu jingine. Ukidaka kwenye mlango wa nje, ukarekodi, na ukarusha *ESCAPE, kazi inakufa kwa adabu na programu ya CL (lugha ya amri ya IBM i) iliyoiita inaamua: iruke hatua hiyo au isimamishe mfululizo. Programu zenye neno MAIN haziulizi swali hilo. Hitilafu yao hupanda moja kwa moja. INQMSGRPY(*DFT) kwenye kazi inaweza kuwa wavu wa mwisho, ila usiitumie kama mpango wa kwanza, kwa maana jibu la kiotomatiki halijui muamala ulifika wapi.

Kufuli la rekodi linastahili kutajwa peke yake. Kodi 01218 huja baada ya kusubiri muda wa WAITRCD wa faili, ambao kwa kawaida ni sekunde 60, na ujumbe CPF5027 hutaja kazi iliyoshikilia rekodi. Rekodi maneno hayo. Hii ni moja ya hitilafu chache ambazo kujaribu tena kuna maana. Kugawanya kwa sifuri hakutabadilika ukirudia.

Tunaanzia wapi, na programu ni mamia?

Jenga programu ya huduma yenye prosija tatu zilizotajwa, memba moja ya /COPY na jedwali moja. Zijaribu kwa kulazimisha hitilafu: gawanya kwa sifuri, vuka mwisho wa safu ya data (array), funga rekodi kwenye kikao kingine, kisha fanya ROLLBACK na uhakikishe safu ya logi imebaki. Kisha ziweke kwenye kazi za usiku zinazoanguka mara nyingi zaidi. Zilizobaki zipate zamu yake pale mtu anapozifungua kwa sababu nyingine.

Nitajuaje programu zipi zimeshaunganishwa?

DSPPGMREF huonyesha programu za huduma zinazotegemewa na kila programu. Kwa SQL ni rahisi zaidi:

select program_library, program_name
  from qsys2.bound_srvpgm_info
  where bound_service_program = 'HITILAFU'
  order by 1, 2;

Linganisha na orodha ya programu zote kwenye maktaba na utapata zilizobaki. Kwa memba za /COPY ambazo bado zina mantiki, tafuta kwa FNDSTRPDM neno BEGSR ndani ya faili la memba za pamoja. Kila itakayoonekana ni subrutini inayosubiri kuhamia kwenye prosija.